Ngoma Chini ya Sauti ya Mama

Abiria mliochelewa, sogeeni, ngazi haijatolewa. Nawarudisha gatini kidogo kabla hatujaondoka.

Mimi ni Malimi, yule mzee aliyetangaza safari za meli bandarini Mwanza mpaka nikapewa saa ya ukutani na kuambiwa koo langu limestaafu. Mnakumbuka koo hilo lilivyokataa kukaa nyumbani. Nikawa nawatangazia majirani zangu wa Pasiansi mvua, misiba na dagaa walioingia mwaloni, mpaka wajukuu wakaniambia, "Babu, hiyo unayofanya ni kurap." Nikajiita Mzee Gati. Kwaya ikanifukuza. Studio ya kwanza ikavamiwa na nyuki katikati ya ubeti wa pili. Nyuki hao wanasikika kwenye wimbo wa tatu mpaka leo, na wapo watu wanaodai ndio wanaoimba vizuri kuliko mimi.

Wiki iliyopita niliwaacha mahali pazuri, jambo ambalo lilipaswa kuwatia shaka. Albamu yangu ya kwanza, Abiria wa Mwisho, ilikuwa imekamilika. Wimbo unaoibeba ulikuwa umeanza kupigwa redioni. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi, kwenye kiwanja kimoja Buzuruga.

Asubuhi ile nilikuwa barazani nanyoa ndevu. Shavu moja tayari, jingine lina povu. Mtu akabisha hodi.

Hakuwa mtu. Lilikuwa kundi zima la wazee, kila mmoja na fimbo yake, na hakuna aliyetabasamu.

"Mwangaluka," akasema aliyetangulia.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo. Karibuni mkae."

"Marahaba. Hatukai. Mimi ni Maige, ningi wa Wagalu wa Kisesa. Umetuita, tumekuja."

Ningi, kwa msiojua, ndiye mtunzi wa nyimbo na kinara wa ngoma. Kundi zima linaongea kwa mdomo wake.

"Nimewaita mimi? Kwa simu?"

"Kwa ngoma."

Povu likaanza kunikaukia.

Niwaeleze wasomaji wa mbali. Sisi Wasukuma, kwenye ngoma, tuna pande mbili tangu enzi za mababu: Wagika na Wagalu. Mavuno yakiisha, pande hizo hucheza kiwanja kimoja kwa wakati mmoja, huku na huku. Hakuna hakimu wala alama. Hakimu ni miguu ya watazamaji. Upande utakaowavuta wengi ndio ulioshinda, na ulioshindwa hurudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Sasa, kiitikio cha wimbo wangu kiliimbwa na mama yangu mzazi, Ng'washi. Amepita miaka themanini, ni Mgika wa damu, na alikuwa hajaimba mbele za watu tangu magoti yake yaanze kubishana naye. Prodyuza wangu Oyugi, kijana wa Kijaluo kutoka Shirati, alimkuta jikoni akichambua dagaa na kujiimbia. Akamrekodi. Kwa Kiswahili maneno yake ni hivi:

Wagalu mmelala, jogoo wenu ana mafua,
Njooni tuwafundishe kuwika, kumekucha, kumekuwa.

"Baba," nikamwambia Maige, "ule ni utani tu wa bibi kizee jikoni."

"Ungekuwa wa jikoni tusingekuja. Kejeli bila ngoma ni moshi wa jikoni. Kejeli juu ya ngoma ni wito. Na nyinyi mmetuita kwa redio, mpaka Geita wamesikia. Watu wananiuliza sokoni, 'Maige, umeitwa, mbona huendi?'"

"Lakini ile si ngoma, baba. Ni kompyuta."

"Ilisema nini?"

"Ilisema... ndu, ndu-ndu, ndu."

"Basi ni ngoma."

Nikamwita Oyugi, aliyekuwa ndani anakunywa chai yangu. Akatoka na kikombe mkononi.

"Shikamooni, wazee. Jamani, ile biti niliitoa mtandaoni. Hata sidhani kama ni ya Tanzania. Inawezekana ni Mzungu aliyepiga ndoo."

"Kijana, wewe ni wa wapi?" Maige akamuuliza.

"Rorya, mzee wangu. Shirati."

"Ndiyo maana. Ungekuwa wa kwetu ungeweka hata filimbi, tukanyamaza. Wewe umeweka ngoma chini ya kejeli."

Oyugi akanitazama mimi. Mimi nikatazama povu langu likidondoka. Nimekulia mjini, kwenye honi za meli. Habari za ngoma nilizijua kama mtu anavyojua habari za mbinguni: zipo, lakini hutarajii zikubishie hodi.

Nikakohoa nianze kuomba radhi. Hapo sauti ikatoka mlangoni.

"Nani huyo anaongea kama debe lililotoboka?"

"Ni wazee wa Kisesa, mama. Rudi ndani, nayamaliza."

"Ni Maige," akasema Maige mwenyewe.

"Maige yupi? Yule aliyetumbukia kwenye hori la ng'ombe akicheza?"

Wazee wakaangalia chini. Mmoja akashindwa, akacheka kwa pua.

"Bado unakumbuka, Ng'washi."

"Ni wewe unayejaribu kusahau. Mimi nilikuwa natazama. Hata ng'ombe walitazama."

"Mama," nikasema, "ngoja nizungumze nao taratibu, tuwaombe..."

"Nyamaza, ng'wanone."

Yaani, mwanangu. Nina miaka sitini na moja. Nina wajukuu. Nilikuwa nikisema neno moja bandarini, umati mzima unainua mizigo. Nikanyamaza.

"Mtoto ana shughuli yake Buzuruga Jumamosi," mama akamwambia Maige. "Njooni hapo hapo."

"Kwa masharti yale yale ya zamani?"

"Umeona nimebadilika?"

"Masharti gani?" nikauliza.

Maige akanijibu bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Mimi na mama yako tulikuwa na sharti letu. Anayeshindwa anafunga mdomo mpaka mavuno mengine. Haimbi uwanjani, haimbi harusini, haimbi popote wanapokaa watu. Tukishindwa, nafunga wangu. Mkishindwa, mnafunga wenu."

Wakaaga, wakaondoka na fimbo zao. Mama akarudi kwenye dagaa wake. Akawa anaimba. Mimi nikabaki na shavu moja.

*

Nikakimbilia Nyamagana kwa promota wangu, Revocatus. Ofisi yake ni meza moja ndani ya duka la mapazia la mtu mwingine, lakini yeye huisema kama vile ni ghorofa.

Nilipofika kwenye Wagalu, akaruka.

"Mzee Gati! Hii ni kiki ya mwaka! Mimi Revocatus ningeitafuta kiki hii kwa tochi nisiipate! Mzee wa kurap dhidi ya ngoma ya asili! Nitatangaza mji mzima!"

Nilipofika kwenye masharti, akakaa.

"Mpaka mavuno mengine?"

"Mpaka mavuno mengine."

"Kwani hao wazee ni polisi?"

"Afadhali polisi, mtu anaweza kujieleza."

"Na ukiamua kuimba tu, kwa jeuri?"

"Nitamwimbia nani? Msukuma gani atakuja kumsikiliza aliyefungwa mdomo? Watanigeuzia migongo mpaka na viti. Na mama yangu ataniweka wapi?"

Revocatus akajifuta uso kwa kipande cha pazia. Alikuwa amenipangia safari ya kuzunguka ziwa: Musoma, Geita, Bukoba kwao. Kila mahali ameahidi mzee anayerap kama injini ya meli.

"Sikiliza, mzee wangu. Albamu bila mtu wa kupanda jukwaani ni maiti bila msiba. Jumamosi ukishinda, Jumatatu tunaondoka. Ukishindwa..." Akatazama mapazia. "Mwakani watu watakuwa na kichekesho kingine. Mimi sitakuwa nakufahamu. Sikufichi."

Hakunificha. Nikatoka nje, jua linapiga, watu wanapita na mambo yao. Mwakani kwa kijana ni kesho kutwa. Kwa mtu wa umri wangu mwakani ni ahadi ambayo Mungu hajaitia saini.

Nikarudi nyumbani kutafuta faraja kwa mke wangu, Sabina. Nikamkuta anapiga pasi kitenge ambacho sikukijua.

"Hicho ni cha Jumamosi?"

"Ndiyo. Tumeshona sare na wenzangu."

"Wa kwaya?"

"Wa kwetu. Kisesa."

Nikatafuta kiti. Ndoa yote hii nilikuwa nimesahau kwamba nilioa Mgalu.

"Sabina! Utasimama upande wa pili? Siku ya mumeo?"

"Baba Rebeka, nimekupikia, nimekuzalia, nimevumilia na nyuki. Lakini umewaambia baba zangu jogoo wao ana mafua."

"Si mimi, ni mama!"

"Kwenye jalada la albamu kuna jina la nani?"

"Basi niombee tu."

"Nitaomba Mungu afanye mapenzi yake."

"Na mapenzi yake ni yapi?"

"Ni ya Kigalu," akasema, akageuza kitenge upande wa pili.

*

Jumamosi kiwanja kilijaa mapema. Revocatus alikuwa amezungusha gari la matangazo mji mzima. Watu walikuja na viti vyao, miwa yao na watoto wao. Bodaboda walipaki pikipiki, wakapanda juu yake waone vizuri.

Mstari wa chokaa ukachorwa katikati. Huku sisi, na spika zetu ndefu kama makabati. Kule Wagalu, na ngoma zao zikiota moto wa majani zikazwe. Makubaliano yalikuwa rahisi: jua likigusa ule mwamba mkubwa ulio juu ya mlima, kila mtu atakuwa amepiga kura pale aliposimama.

Mama tulimweka nyuma yangu kwenye kiti cha plastiki, chini ya mwamvuli, kitenge magotini.

"Ukichoka, useme," nikamwambia.

"Wewe imba," akasema.

Oyugi akaachia biti. Nikashika maiki.

Tangazo, tangazo, abiria wa Nansio,
Acheni kusukumana, uzee si mbio!
Mwenye mzigo wa majungu aushushe gatini,
Mimi nabeba watu wazima wenye ndizi na imani!

Vijana wakalipuka. Honi za pikipiki zikalia. Wallahi, siku ile koo langu lilifunguka mpaka mimi mwenyewe nikaliogopa. Kunguru waliokuwa wanapita juu walibadilisha njia. Ng'ombe aliyekuwa anavushwa barabara alikaa chini, akagoma kuvuka mpaka ubeti uishe.

Watu wakaanza kuvuka mstari kuja kwangu. Kule kwa Wagalu walibaki ndugu na watoto wanaonyonya. Sabina alikuwa mbele kabisa na sare yake, anarusha mabega. Akicheza dhidi yangu, bado alinipendeza. Hapo ndipo mjue mtu amekwisha.

"Endelea hivyo hivyo!" Revocatus ananong'ona nyuma yangu. "Musoma hiyo! Geita hiyo!"

Maige akapiga makofi mara moja.

Likaletwa kapu kubwa, limebebwa na wanaume wanne waliokuwa wakihema. Kifuniko kikaondolewa. Akatoka chatu mnene kama paja la mwenye baa.

"Anaitwa Shemeji!" mwenye nyoka akapaza sauti. "Shemeji, wasalimie wakwe!"

Kwa kuwa mke wangu ni wa upande ule, msidhani sikuona kwamba kisheria kabisa yule alikuwa shemeji yangu. Haikunisaidia. Shemeji alimzunguka mwenye nyoka kiunoni, akapanda mgongoni, akaweka kichwa juu ya kofia yake kama taji. Kiwanja kikainama kama meza iliyovunjika mguu. Kila mtu akateremkia kule.

Upande wangu tukabaki mimi, Oyugi, Revocatus, mama, na muuza barafu ambaye gurudumu lake lilikuwa limekwama.

"Fanya kitu!" Revocatus akanishika shati.

"Nifanye nini, nimeze moto?"

"Mzee," akasema Oyugi, "niongeze besi?"

"Ongeza. Tuna nini cha kupoteza?"

Akaongeza. Vumbi likaruka juu ya spika. Meno yangu ya chini yalianza kugongana na ya juu bila ruhusa yangu. Na kule, juu ya kofia, Shemeji akainua kichwa.

Wataalamu wataniandikia barua kwamba nyoka hana masikio. Sawa. Huyu alikuwa na tumbo, na tumbo lile lilisikia besi. Akateremka. Akageuka. Akaanza kuja.

"Shemeji! Shemeji, rudi!" mwenye nyoka akalia.

Shemeji hakurudi. Alivuka mstari wa chokaa taratibu, kama mzee anayekwenda kuchukua kiinua mgongo chake. Watu wakampisha njia, kisha wakamfuata nyuma, kwa sababu ndivyo watu walivyo. Akafika kwenye spika yetu kubwa, akaikumbatia, akajizungusha toka chini mpaka juu, akafumba macho. Ninaapa alifumba.

Kiwanja chote kikawa upande wangu. Muuza barafu akaanza kuuza.

"Jua!" Revocatus anaruka. "Tazama jua! Bado kidogo liguse mwamba! Bukoba, tunakuja!"

Oyugi alikuwa amepanda juu ya meza. "Mzee, mimi sishuki hapa mpaka huyo aondoke. Lakini tumeshinda!"

Nilikuwa karibu kuamini. Nilianza hata kuona jukwaa la Musoma na watu wake.

Ndipo Maige akaweka fimbo yake chini. Akawanyamazisha wapiga ngoma wake. Akaja peke yake mpaka kwenye mstari, mikono mitupu, akasimama kama mtu aliyekuja kuchota maji. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mama kwenye kiti cha plastiki, akaanza kuimba. Aliimba Kisukuma, mimi nawapeni Kiswahili, ingawa chumvi nyingine inabaki kwenye chungu:

Kuku mzee wa Pasiansi amechemshwa tangu juzi,
Kuni zimekwisha porini, bado anamcheka mpishi!

Watu wakaguna. Oyugi kwa mshtuko akazima biti. Mama akafunga mwamvuli.

Akajibu akiwa amekaa, bila maiki, na kila mtu alimsikia:

Mpishi mwenyewe Maige, kisu chake cha muhogo,
Anakata mvuke wa chungu, anasema amekata shingo!

Kiwanja kikapasuka kwa kicheko. Maige naye akacheka, lakini hakuacha:

Shuka basi kwenye kiti, kuku usiyeonyesha miguu,
Au umetaga humo, unaogopa kuyavunja?

Mama akasimama.

Magoti yale yaliyobishana naye miaka yote yakapatana ghafla. Kitenge kikaanguka, akakikanyaga, akapita mbele yangu. Alikuwa anakwenda kwenye mstari.

"Mama, usivuke!" nikasema. Nilisahau nimeshika maiki. Buzuruga nzima ikasikia. "Mama! Mstari, mama!"

Nikamkimbilia, nikamshika mkono. Akanitazama kama mtu anayetazama gogo barabarani.

"Niache, Malimi."

"Ukivuka watakufuata, mama. Subiri jua kidogo tu. Mjibu ukiwa hapa hapa."

"Kejeli haijibiwi kwa mbali. Inajibiwa usoni." Alikuwa anahema. "Wenzangu wote wamekufa, mwanangu. Miaka mingapi naimba peke yangu na dagaa? Unajua kumkejeli mtu asikujibu kukoje? Ni kubisha hodi kwenye kaburi. Leo nimejibiwa."

Nifanyeje? Nimwangushe mama yangu chini mbele ya watu? Nikauachia mkono.

Akavuka. Wakasimama uso kwa uso, pua karibu ziguse. Akatupa beti, akatupiwa. Mama akamkumbusha hori la ng'ombe, Maige akamkumbusha mtu fulani aliyemkimbia usiku na viatu mkononi. Ngoma za Wagalu zikaingia chini yao polepole. Mama akaanza kucheza. Nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu akicheza. Alikuwa anacheza kama msichana anayejua anatazamwa.

Watu wakaanza kuondoka upande wangu. Kwanza wanawake wazee, wakipiga vigelegele. Kisha wote.

Nikajaribu ubeti wangu mzuri kuliko zote, ule wa wimbo wa mwisho. Mtu mmoja aligeuka, akaweka kidole mdomoni mwake: "Shh, mzee. Tunasikiliza."

Oyugi akashuka mezani, akampita Shemeji kwa mbali, ameinua simu yake juu. "Samahani, mzee wangu. Sauti kama ile nikiikosa leo nitajuta mpaka nizikwe."

Hata Revocatus alikwenda hatua kadhaa, akakumbuka biashara yake, akarudi.

Jua likagusa mwamba.

Upande wangu tulikuwa mimi, promota, na chatu aliyelala.

Maige akainua mkono. Ngoma zikakoma. Mama alisimama kando yake, jasho linamtiririka, anahema, anacheka peke yake. Maige akaja mpaka kwenye chokaa.

"Malimi. Miguu imesema."

"Imesema, baba."

"Sharti unalijua."

"Nalijua."

"Sikuja kumwonea mtu. Anayefunga mdomo ni mwenye wito. Kwenye redio nilisikia sauti ya mama yako, na mtangazaji akataja jina lako. Nakuuliza mbele ya watu hawa. Wimbo uliotuita ni wako, au ni wa mama yako?"

Nilichelewa kuelewa. Kisha nikaelewa.

Nikisema wangu, nimefungwa. Safari ya ziwa imekufa, albamu imezaliwa na kuzikwa kiwanja kimoja. Nikisema wa mama, Jumatatu niko njiani kwenda Musoma, na mdomo uliofunguka leo baada ya miaka yote ile unafungwa mpaka mavuno mengine. Na mama kila mavuno huyaaga. Husema, "Haya ndiyo yangu ya mwisho," kisha anakula mahindi yake ya kuchoma kwa amani.

Revocatus alinyoosha kidevu kumwelekea mama.

Oyugi akaja pembeni ya sikio langu. "Mzee, sema wa mama. Hata si uongo. Mimi ndiye niliyemrekodi."

Nikamtafuta Sabina katika watu. Alikuwa ameacha kucheza. Akatikisa kichwa, lakini sikujua ananikataza jibu lipi.

"Maige," mama akasema, "niulize mimi."

"Wewe umeongea mchana kutwa, Ng'washi. Nataka mtoto."

Mama akafunga mdomo. Kile kicheko kikaanza kumtoka usoni, kidogo kidogo, na macho yake hayakuniambia kitu.

Nikapeleka maiki mdomoni. Ilikuwa bado inawaka. Kiwanja kizima kikasikia nikivuta pumzi.